Kizimba, Barka na Mtoto wa Dada

Hebu tuanze na saa, maana saa ndiyo inayokwambia nani amefikiriwa kuwa mtazamaji na nani hakufikiriwa kabisa.

Kwa miaka mingi pambano kubwa la UFC limekuwa likipiganwa Las Vegas Jumamosi usiku, na kwetu Maskati hiyo ni Jumapili asubuhi. Mapambano makuu yalikuwa yakianza saa kumi na mbili au saa moja, kutegemea Wamarekani wamezirudisha nyuma saa zao au la, na lile la mwisho, ambalo watu wamelingojea miezi, likiangukia baina ya saa mbili na saa tatu na nusu. Jumapili! Jirani zetu wa Imarati tangu Januari 2022 Jumapili wamelala, sie ndo tuko Barabara ya Sultan Qaboos tunasukumana kuelekea Ruwi. Oktoba 2018, asubuhi ile Khabib alipomkaba McGregor raundi ya nne halafu akaruka nje ya kizimba, nusu ya ofisi yetu ilikuwa "kwenye mkutano". Sitosema zaidi, mkubwa wangu wa zamani anaisoma safu hii.

Nalisema hili kwa sababu baada ya kipindi cha wiki mbili nyuma, tulipozungumza kuhusu michezo ambayo wazee wetu hawakuijua, meseji nyingi mlizotuletea ziliuliza jambo moja: huu mchezo wa kizimbani una mustakbal kama mchezo wa kutazamwa, au ni moto wa makuti? Mwenzangu alijibu kwa dakika tatu, akasema upo na utabakia. Mie nikasema hapana, hili liandikwe.

Kwa asiyefuatilia, haraka haraka. UFC ya kwanza ilikuwa Denver, Novemba 1993, na aliyeshinda ni Royce Gracie, kijana mwembamba wa Brazil aliyewakaba wakubwa zake mmoja baada ya mmoja. Seneta McCain akaufananisha mchezo na kupiganisha majogoo, ukafukuzwa kwenye majimbo mengi. Januari 2001 kampuni ikauzwa dola milioni 2 tu. Ikawekewa sheria, uzito, raundi, madaktari, na 2016 ikauzwa tena kwa kama dola bilioni 4. Agosti 2025 wakatangaza mkataba na Paramount wa miaka 7, dola bilioni 7.7, na kwamba kuanzia 2026 Mmarekani hatalipia tena pambano moja moja. Kwa hesabu hizo mtu atasema mjadala umeisha. Mie ni mkaguzi wa hesabu, ndiyo kazi yangu inayonilisha, na nakwambia hesabu hizo zinaonyesha nani anauza tu. Nani anatazama, na kwa nini, hazisemi.

Tuje kwetu. Ghuba imelitatua suala la saa kwa njia ya Ghuba: badala ya kuamka alfajiri, leteni mchezo hapa. Januari 2010 kampuni ya Flash ya Abu Dhabi ilinunua asilimia 10 ya UFC, na Aprili mwaka huohuo wakapigana Yas, uwanja wa wazi, Anderson Silva na Demian Maia. Waliokuwepo bado wanalalamika. Silva alikuwa akimchezea mwenzake ngoma raundi baada ya raundi, watu wakazomea, na mwenye UFC mwenyewe akaondoka pembeni ya kizimba kwa hasira. Watu wa hapa walirudi nyumbani na fulana. Septemba 2019 wakarudi na Khabib, kwa mkataba wa miaka mitano, na 2020 dunia nzima ilipofungwa, Yas ikawa "Kisiwa cha Mapigano", watu wanapigana kwenye ukumbi mtupu. Oktoba ya mwaka ule, miezi michache baada ya kufiwa na baba yake, Khabib akamkaba Gaethje, akapiga magoti, akastaafu palepale. Hakukuwa na mtazamaji hata mmoja wa tiketi. Na bado nadhani ndilo pambano ambalo watu wengi zaidi wa umri wetu hapa Maskati wanalikumbuka walikuwa wapi.

Sasa liangalie hilo jambo kidogo. Pambano lililotugusa kuliko yote lilikuwa bila watu ukumbini. Na Oktoba 2025, ukumbi umejaa, watu wamesafiri kutoka kwetu hapa kwa gari saa tano na mpaka juu yake, wamelala hoteli, Tom Aspinall akaingizwa kidole jichoni na Ciryl Gane kabla raundi ya kwanza haijaisha. Basi. Hakuna mshindi, washeni gari mrudi. Hakuna wa kumlaumu kwa mchezo kuisha vibaya, hilo linatokea. Lakini kwenye mpira ukipata sare ya bila kwa bila umekaa dakika tisini na wenzio. Hapa unalipia usiku mzima, na kile ulichokifuata kinaweza kuwa dakika nne.

Halafu kuna suala la nani hasa anaushikilia mchezo usianguke. Abu Dhabi inalipa kwa ajili ya utalii. Riyadh inalipa, nayo ilipata UFC yake ya kwanza Juni 2024, na PFL ikafungua ligi ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini mwaka huohuo. Bahrain wana Brave tangu 2016. Yote mazuri, mie siyapingi, ndo yaliyonipa Jumamosi usiku badala ya Jumapili asubuhi. Lakini mchezo unaoshikiliwa na bajeti ya utalii una bwana mmoja, na mabwana huchoka. Wajapani wanalijua hili kuliko sisi. Pride ilikuwa kubwa kuliko UFC. 2002 walijaza uwanja wa taifa wa Tokyo makumi elfu ya watu. Juni 2006 Fuji TV ikawaacha baada ya magazeti kuandika kuhusu majambazi nyuma ya pazia. Haukupita mwaka, Pride ikauzwa kwa wapinzani wake, na mapambano yake yakasita. Watazamaji walikuwepo, wanapenda, wana uchungu, na haikusaidia kitu, kwa sababu si wao waliokuwa wakilipa.

Mpaka hapa n'naongea kama mkaguzi. Sasa niongee kama mjomba.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 20. Anasoma uhandisi, mwaka wa pili. Miaka mitatu sasa anafanya jiu-jitsu Azaiba, na mwaka jana akaanza na ngumi. Mwezi uliopita alikuja kwangu, si kwa mama yake, akaniambia, "Mjomba, n'nataka kuingia pambano la ridhaa Imarati. Nisaidie kwa mama." Ridhaa si kama wale wa kwenye televisheni: wanavaa kinga za miguu, viwiko havipigwi, daktari yupo. Alinieleza yote hayo vizuri, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuomba mkopo benki. Halafu akasema kilichonifanya niandike safu hii: "Si unaangalia kila wiki, mjomba? Na bibi anaangalia."

Ni kweli. Bibi anaangalia. Mama yangu, aliyezaliwa Unguja, akaja hapa miaka ya sabini na sanduku moja na watoto wawili, ana miaka sabini na kitu, hakosi. Anakaa na tasbihi, anajifanya hatazami. Mtu akianguka anasema "Mpige! Mpige huyo! Mbona anamwachia?" Halafu damu ikitoka anashika mdomo: "Maskini. Mama yake yuko wapi huyu?" Pambano zima anakwenda na kurudi baina ya hizo sentensi mbili. Nimesoma makala chungu nzima za wataalamu kuhusu kwa nini binaadamu wanapenda kutazama mapigano, sijaona iliyomshinda mama.

Basi aliposikia habari ya mjukuu alisema neno moja tu, "La." Kisha akaongeza, "Uso ule nimeuosha mie tangu siku ya arubaini. Hautopigwa."

Mtu atasema hili ni suala la dini na limalizwe kwa dini. Nalo lipo, sitolikwepa. Kupiga uso kumekatazwa, hilo hata mtoto wa chuoni anajua. Baraza la Fiqh la Rabita lilikaa Makka Oktoba 1987 likatoa uamuzi kuhusu ngumi, mieleka ile ya kuumizana, na mapigano ya mafahali, yote kwenye kikao kimoja, na likasema haifai. Mieleka ya mazoezi isiyo na madhara ikaachwa. Mtume mwenyewe kapigana mweleka na Rukana. Kwa hiyo kijana anayefanya jiu-jitsu ana pa kusimama, na kijana anayerusha ngumi ana kazi ya kueleza. Si bahati kwamba Imarati, walipotaka kuupeleka mchezo skuli mwaka 2008, walichukua jiu-jitsu, si ngumi. Sheikh Tahnoun bin Zayed alijifunza Marekani akiwa mwanafunzi, akarudi akaanzisha mashindano ya ADCC 1998, na leo kuna watoto wa skuli kule wanaoijua kabali kabla ya kuijua hesabu ya sehemu. Mie n'naona hapo ndipo penye mzizi wa kweli, kuliko kwenye ukumbi wa Yas. Mtoto aliyekaba na kukabwa akiwa darasa la sita, akikua ataelewa anachokiona kizimbani watu wawili wakiwa chini dakika tatu hawafurukuti. Asiyeelewa anazomea, anataka wainuliwe.

Lakini dada yangu hakuzungumza dini. Dada yangu alizungumza pesa, kwa hiyo na mie nikamfanyia kijana hesabu, yeye na kalamu. Tuseme amefanikiwa, amefika UFC, ambako hafiki ila mmoja katika maelfu. Mgeni kule kwa kawaida analipwa kama dola 12,000 kwa kuingia na 12,000 nyengine akishinda. Mwaka mzuri anapigana mara mbili, ashinde moja apoteze moja: dola 36,000. Ni kama rial 13,800, kwa mwezi kama rial 1,150. Hapo toa mwalimu, wakala, chakula, matibabu, tiketi za wasaidizi. Ofisini kwetu kuna watu wanapata zaidi ya zitakazobakia na hawajawahi kuvunjwa pua. Kesi waliyoifungua wapiganaji Marekani mwaka 2014 ndiyo iliyotoa hadharani kwamba UFC inawagawia wapiganaji chini ya asilimia 20 ya mapato, wakati mpira wa kikapu wa NBA unagawa kama nusu. Kesi iliisha kwa dola milioni 375, na jaji aliukataa mkataba wa kwanza kwa kuuona mdogo.

Kijana akaiangalia karatasi, akasema, "Mjomba, sijasema nataka pesa."

Hapo sikuwa na jibu kwenye kalamu.

Nimemfikiria sana tangu siku ile, na nimegundua swali la mustakbal wa mchezo na swali la mtoto wa dada ni swali moja. Mchezo wa kutazamwa unaishi pale mtazamaji anapokuwa na mtu wake mle ndani. Siyo lazima mtoto wa dada. Mtu wa mtaa wake, wa lugha yake, wa dini yake. Khabib hakuwa jamaa yetu, lakini aliposhinda akasujudu, kila nyumba hapa ikamwona ni wao. Alipostaafu, nusu ya watu ninaowajua waliacha kuangalia. Hawakuwa wanaangalia mchezo, walikuwa wanamwangalia Khabib.

Na upande wetu wa pili, ule wa Afrika, mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 2021 mikanda mitatu ya UFC ilikuwa kwa Waafrika: Usman na Adesanya wazaliwa wa Nigeria, Ngannou wa Cameroon. Baba yangu, ambaye hajui tofauti ya kizimba na banda la kuku, alikuwa anauliza, "Yule mchimba mchanga anapigana lini?" Kwa sababu Ngannou alichimba mchanga machimboni Batié akiwa mtoto, akavuka Sahara, akalala kwenye maegesho ya magari Paris. Oktoba 2023 Riyadh, alipomwangusha Tyson Fury kwenye ngumi, mchezo ambao si wake, baba alisimama. Waamuzi wakampa Fury. Baba mpaka leo anasema pale pana mkono wa mtu.

Halafu akaja Dricus du Plessis wa Afrika Kusini, akasema yeye ndiye atakayekuwa bingwa wa kwanza wa kweli wa Afrika, maana wale wenzake wanaishi na kufanya mazoezi nje, mikanda yao haijakaa Afrika. Adesanya akapandwa na ghadhabu, na ilichukua mpaka Agosti 2024, kule Perth, wakakutana, Du Plessis akamkaba. Wasikilizaji wengi waliliona hili ni porojo la kuuza tiketi. Mie nilihisi ananiambia mimi. Sisi tuliozaliwa hapa, wazee wetu wametoka kule, kuna wangapi wameshatuuliza maswali hayohayo kwa ustaarabu zaidi? "Wewe Mzanzibari kwani? Mbona hujakaa?" Na ukirudi Maskati: "Kiarabu chako hichi cha wapi?" Du Plessis hakujua, lakini alikuwa amekaa kwenye baraza la Darajani na kwenye majlis ya Al Khoud kwa pamoja. Na tazama mkanda wenyewe ulikokwenda baadae: Agosti 2025 ukachukuliwa na Khamzat Chimaev, mzaliwa wa Chechnya, aliyehamia Sweden, anayepeperusha bendera ya Imarati. Nenda kamwambie huyo aonyeshe pasi ya kuzaliwa.

Mganda David Onama, mzaliwa wa Kampala, anapigana UFC akitokea Kansas City. Ni wetu? Mie nimeshamchukua. Mswahili wa pwani hajafika bado, lakini siku akifika, Mwanakwerekwe watasema wao na Mawaleh watasema wao, na vita vya meseji vitakuwa vikubwa kuliko pambano.

Na tukiwa kule kwetu, kuna jambo ambalo watu wa Yas wangejifunza. Unguja ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi, karibu miaka sitini, mpaka Rais Hussein Mwinyi alipoziruhusu tena, na Agosti 2023 ulingo ukafungwa uwanja wa Mao. Jina lililowatoa watu majumbani usiku ule lilikuwa Karim Mandonga. Mandonga si bondia bora wa Tanzania, na hata yeye anajua. Hassan Mwakinyo aliyemzima Sam Eggington Birmingham 2018 ni bondia wa daraja nyengine kabisa. Lakini Mandonga ana mdomo. Alipigwa Songea 2022, akazidi kupendwa. Akaja na ngumi yenye jina, Sugunyo, eti imetoka Ukraine, Januari 2023 akashinda Nairobi mbele ya Daniel Wanyonyi, Machi kwenye marudiano akapoteza, na bado watu wakataka kumsikia zaidi ya aliyeshinda. Anazungumza Kiswahili cha kijiweni na kila anayesikia anahisi anamjua. Huko ndiko kuwa na mtu wako mle ndani.

Waganda nao. Nendeni mkawatafute kwenye simu wale vijana wa Mukono wanaofanya mieleka ya maigizo kwenye ulingo wa udongo na nguzo za miti, Soft Ground Wrestling. Hawana ukumbi, hawana taa. Wana tope, wanakijiji wanaopiga kelele, na mtu anayeshika simu vizuri. Wametazamwa na mamilioni. Najua ni maigizo, siyo mapigano, msiniandikie. Nasema kuhusu kutazamwa.

Na lugha. Mmewahi kusikia mapigano ya kizimbani yakitangazwa kwa Kiswahili? Neno hata moja hatuhitaji kuazima. Kata mtama tunayo, ngwala tunayo, kumbo, mweleka, roba, kabali. Mtoto wa Kikwajuni alikuwa anapiga roba kabla Wabrazil hawajaiweka kwenye vitabu. Tulijaribu sie wawili, Jumamosi moja, tukazima sauti ya Kiingereza tukatangaza wenyewe, bibi akiwa mchambuzi. Ile sauti ipo, siku moja tutaiweka, mama akiridhia, maana kuna maneno pale.

Sasa Barka. Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo niipendayo. Wengi wenu mmezaliwa hapa na hamjawahi kwenda. Msimu wa baridi, Ijumaa jioni, mwendo wa kama saa moja kutoka mjini, watu wa Batina wanaleta mafahali yao. Uwanja ni duara la saruji na vumbi. Fahali wawili wa nundu wanawekwa uso kwa uso, wanafungana pembe, wanasukumana. Anayegeuka akakimbia kashindwa. Wakizidi, watu wanavuta kamba kuwatenganisha. Hakuna anayechinjwa, hakuna tiketi, na mara nyingi lisilozidi dakika mbili tatu limekwisha, hata fupi kuliko Aspinall na Gane, na hakuna anayelalamika. Kwa sababu mzee aliyekaa kando yako anajua fahali yule mama yake nani, kala tende na samli na papa mkavu kiasi gani, kaogeshwa baharini mara ngapi. Fahali akishinda, mtoto wa miaka minane anakimbilia katikati kumkumbatia shingo.

Wanasema mchezo ule uliletwa na Wareno. Na Pemba wana mchezo wa ng'ombe, zumari linalia, mtu na kitambaa mbele ya fahali aliyefungwa kamba, hachinjwi, na wao pia wanasema ni Wareno. Mie sina haja ya kujua nani kasema kweli. Kinachonishangaza ni kwamba Wareno wenyewe wamefukuzwa Maskati tangu 1650 na Unguja na Mombasa baadae kidogo, na mchezo umebakia sehemu zote mbili bila mkataba wa televisheni, bila bajeti ya utalii, kwa karne tatu na zaidi. Najua na huo una maneno yake kwa wanavyuoni, na kwa wanaopenda wanyama. Wazee wa Barka wanayajua maneno hayo, na Ijumaa wako palepale.

Kwa hiyo mwenzangu akiniuliza tena kipindini, jibu langu ni hili. Hii ya Yas na Riyadh itaendelea muda wote anayelipa anapendezwa, na siku asipopendezwa itahamia kwa mwengine, Baku au pengine popote, na sie tutarudi kwenye Jumapili asubuhi. Sitoililia. Ninayoiwekea matumaini ni ile ndogo: ukumbi wa skuli, mashindano ya jiu-jitsu ya vijana, wazazi mia mbili kwenye viti vya plastiki, nusu yao hawaelewi sheria, wote wanajua jina la angalau mtoto mmoja. Hiyo haitatangazwa Paramount. Lakini hiyo ina mtu wako ndani.

Na hapo ndipo panaponibana, maana aliyemo ndani sasa ni wa kwetu. Nimekaa miaka kumi na tano nikilipia kuona watoto wa wenzangu wakipigwa, na kila mmoja wao ana bibi yake mahali. Nikimkataza mtoto wa dada kwa sababu ya uso wake, sijui nitakaa vipi Jumamosi ijayo kwenye kochi lilelile. Nikimruhusu, mama hatonisemesha, na atakuwa na haki. Mpaka sasa tumefika hapa: dada kakubali mashindano ya jiu-jitsu, kabali na kupindana mikono, hakuna ngumi, hapa hapa Maskati, na yeye mwenyewe atakuja. Kijana hakufurahi, lakini kasaini fomu. La Imarati limesogezwa mpaka amalize mwaka wa tatu, na tukifika hapo nadhani nitasimama upande wake. Mama bado hajaambiwa hata la jiu-jitsu. Tafadhalini, wale mnaokutana nae kwenye hitma na harusi, nyamazeni.

Mawili ya mwisho. Kipindi kijacho tuna mgeni daktari wa mishipa ya fahamu, atazungumza kuhusu ubongo na vichwa kupigwa. Leteni maswali kwa sauti, sekunde 30, si dakika 4 kama kawaida yenu. Na msimu wa Barka ukifunguliwa tunakwenda, gari mbili, tunaondoka Mawaleh baada ya sala ya Ijumaa na chakula. Nafasi tatu zimebaki. Anayekuja aje na maji yake na kofia, na asivae nyeupe, vumbi lile halitoki.